Mume Hataki Krimu, Nampaka Mtoto Kwa Siri

Mshauri,

Pokea salamu zangu kutoka Kayole. Mimi ni mama wa watoto wawili, na ninayekuandikia habari zake ni huyu wa pili, mvulana wa miaka mitano aliye PP2, darasa la mwisho la chekechea. Tangu akiwa mchanga, ngozi yake imekuwa kavu na ya kuwasha. Ilimwanzia mashavuni, ikashuka, na sasa imekita kwenye mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti na shingoni. Kliniki waliniambia ni ukurutu, yaani eczema.

Mchana ana nafuu kwa sababu anacheza. Taabu ni usiku. Tukizima taa tu, nasikia kucha zikipita ngozini kama mtu anayekwangua ukoko kwenye sufuria. Nikimshika mkono, anatumia mguu. Asubuhi shuka lina vidoa vya damu, na akivaa sweta ya shule analia kuwa inamchoma. Mwalimu ameandika kwenye daftari kuwa anasinzia darasani. Kuna mzazi aliyeomba mtoto wake ahamishwe dawati ili asiambukizwe.

Nilinunua krimu kwenye duka la dawa karibu na steji. Muuzaji hakuuliza mengi, alinipa tyubu ndogo akasema nipake kutwa mara mbili. Baada ya siku chache ngozi ililainika na mtoto akalala hadi asubuhi. Nilishukuru Mungu. Kisha mume wangu akaiona. Akasoma kwenye simu, akaniambia hiyo ni steroidi, sumu ya polepole. Dada yake alijichubua kwa krimu za mjini hadi uso ukawa mwepesi, mishipa inaonekana, na jua likimpiga anawaka. Mume anasema hatakubali mwanawe awe vile. Isitoshe, viwikoni mwa mtoto pamebaki mabaka meupe, na kila mara ananionyesha: “Ona, inamchubua.” Tyubu akaitupa.

Nilinunua nyingine. Naiweka nyuma ya mkebe wa majani chai. Mume ni mlinzi, wiki hii zamu ya usiku, wiki ijayo ya mchana. Akiwa ya usiku, nampaka mtoto akishalala. Akiwa nyumbani usiku, sithubutu, na ngozi inarudi pale pale.

Mama mkwe anaishi nasi. Jioni anamwogesha mtoto kwa maji ya moto ya mwarobaini yenye chumvi, na humo anatia dawa ya kuua viini. Amemkataza mayai, maziwa na samaki kwa kuwa damu imechafuka. Anasema ugonjwa huu umetoka kwetu, kwao hakuna mtu wa ngozi. Mume wangu ana pumu tangu utotoni na ana pampu zake mbili za kuvuta, lakini hiyo ni ya kifua.

Juzi tulipokuwa tukila, mtoto aliniuliza mbele ya baba yake, “Mama, leo hunipaki ile ya usiku?” Mume alinyamaza. Hajasema neno mpaka leo. Sijui kama alielewa. Naogopa akijua atamchukua mtoto ampeleke ushago akakae na nyanyake. Nimwambie? Niendelee kimya kimya? Au niache dawa kabisa nilinde ndoa yangu?

Mama Asiyelala, Kayole

*

Dadangu,

Kwanza pole kwa kukosa usingizi. Watu huhesabu usiku mbovu wa mama mwenye mtoto mchanga, lakini huyu wako ana miaka mitano na bado hujalala, na hakuna anayekuletea uji kitandani kwa ajili hiyo.

Nikiisoma barua yako naona umeniletea mambo mawili yaliyofungwa kwenye furushi moja: ngozi ya mtoto inayowasha, na siri uliyomfichia mume. Umeuliza habari za siri. Mimi naomba tuanze na ngozi, kwa kuwa nadhani ukiielewa vizuri, hata hayo maswali yako matatu hayatabaki yalivyo.

Ukurutu wa aina hii si uchafu wa damu, wala hauambukizi. Huyo mzazi wa dawati angeweza kumwacha mwanawe alipokuwa. Ngozi ya mwanao haishiki maji ndani inavyopaswa, kwa hiyo inakauka, inapenyeza vitu vya kuudhi, na mwili unajibu kwa uvimbe na mwasho. Akijikuna anaipasua zaidi, ikipasuka inawasha zaidi. Usiku mambo huzidi kwa sababu mwili hupata joto chini ya blanketi na hakuna mchezo wa kumsahaulisha. Ndiyo maana kumwambia “acha kujikuna” hakusaidii kitu. Anajikuna hata akiwa usingizini.

Sasa tazama jioni yake ilivyo. Bibi anamwogesha kwa maji ya moto, chumvi na dawa ya kuua viini. Kila kimoja kati ya hivyo hukausha ngozi au kuichoma, na maji ya moto yenyewe huamsha mwasho. Saa chache baadaye wewe unakuja kisirisiri na krimu kuuzima. Nyanya na mama mnampenda mtoto mmoja, lakini mnavutana juu ya ngozi yake bila kujua, kwa kuwa mmoja wenu hawezi kusema anachofanya.

Halafu kuna hili la zamu. Wiki ya usiku, anapakwa. Wiki ya mchana, hapakwi. Hakuna daktari aliyepanga hivyo. Dawa ya mwanao inafuata ratiba ya kazi ya baba yake. Ngozi ikianza kutulia inaachwa, ikichafuka inaanzwa upya. Ukiniuliza kuhusu hatari ya siri, nitataja hii kabla ya kutaja ndoa. Siri yenyewe inaifanya dawa ionekane haifai, na mumeo akiona mtoto harudi sawa, anazidi kuamini alichosoma kwenye simu.

Lakini nisikufiche: hofu yake si ya kijinga. Umeipita haraka habari ya wifi yako, nami naomba urudi hapo. Krimu za kujichubua zinazouzwa mjini mara nyingi huwa na steroidi kali sana, clobetasol kwa mfano, na mtu huzipaka usoni kila siku kwa miezi au miaka. Ngozi hupungua unene, mishipa huonekana, na akiziacha ghafla uso huwaka moto. Mumeo ameona hayo kwa macho yake, kwa mtu wa damu yake. Anaposema “sumu” huenda anamwona dada yake.

Ambacho huenda hajaambiwa ni kwamba steroidi za kupaka, yaani dawa za kuzima uvimbe wa ngozi, zina madaraja. Hydrocortisone ya asilimia 1 iko chini kabisa, betamethasone iko juu yake kwa mbali, na clobetasol iko kileleni. Dawa hizi zimetumika kutibu ngozi tangu 1952, na hydrocortisone na betamethasone zote mbili zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Tofauti kati ya tiba na madhara ni ipi unapaka, wapi, kwa kiasi gani, na kwa muda gani. Kwa mtoto, shingo na uso huhitaji ile nyepesi. Viwiko na magoti yaliyokakamaa pengine huhitaji ya kati, kwa siku zinazohesabika. Watoto wanaorudiwa mara kwa mara, wengine huelekezwa kupakwa siku mbili kwa wiki hata ngozi ikiwa shwari, ili moto usiwake tena. Huo ni mpango wa mtu aliyeiona ngozi yenyewe, si wa kukisia.

Na hapo nina swali kwako, bila lawama. Tyubu iliyo nyuma ya mkebe imeandikwa nini? Barua nzima hukuitaja kwa jina. Unasema muuzaji hakuuliza mengi. Kwenye maduka ya dawa yetu huuzwa sana krimu zenye dawa tatu ndani ya tyubu moja: steroidi, dawa ya fangasi na antibayotiki. Ukiona betamethasone, clotrimazole na gentamicin au neomycin kwenye kasha moja, ndiyo hiyo. Ukurutu mtupu hauhitaji dawa ya fangasi, na neomycin yenyewe inaweza kumletea mtu aleji ya ngozi. Tena kama ni clobetasol umekuwa ukimpaka shingoni, basi mume wako amekuwa na haki zaidi ya ulivyodhani. Kama ni hydrocortisone, wewe ndiye mwenye haki zaidi ya alivyodhani yeye. Itoe uisome kwenye mwanga.

Mabaka meupe nayo yasiwe ushahidi wa upande wowote kwa sasa. Kwenye ngozi nyeusi, ukurutu ukipoa huacha alama, mahali pengine nyeupe, pengine nyeusi zaidi, hata kama hujapaka chochote. Nyingi hurudi rangi yake baada ya miezi. Steroidi kali pia inaweza kufifisha rangi. Nani ana haki hapa, mimi kwa barua siwezi kujua, ila mhudumu aliyezoea ngozi zetu anaweza kuangalia. Na ukienda, mwambie mtoto anajikuna hadi damu. Kwetu sisi wekundu hauonekani wazi, ukurutu hutokea kijivu au mweusi wenye vipele, na mtu asiyezoea anaweza kuuona mdogo kuliko ulivyo.

Kitu kimoja barua yako haikukigusa kabisa ni mafuta. Umenieleza krimu ya dawa kwa kirefu, lakini hujaniambia mtoto anapakwa nini siku za kawaida. Dawa huzima uvimbe. Mafuta ndiyo yanayoifunga ngozi isikauke. Yawe mazito, yasiyo na harufu: mafuta ya mgando ya kawaida kabisa, au ile marhamu iitwayo emulsifying ointment inayouzwa madukani mwa dawa kwa kopo. Jeli za watoto zenye manukato mazuri, waachie wenye ngozi nzuri. Kiasi chake huwashangaza wazazi. Kwa mtoto mwenye ukurutu mwingi, madaktari hutaja gramu 250 kwa wiki au zaidi. Ukiona kopo dogo linakaa miezi miwili, jua unambania. Krimu ya dawa ni kinyume chake: kamua mstari kutoka ncha ya kidole chako cha shahada hadi kiungo cha kwanza, karibu nusu gramu, nao unatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Paka kimoja, subiri kama nusu saa, ndipo upake cha pili.

Kuoga kuwe kwa maji ya vuguvugu, dakika tano hadi kumi. Sabuni ya kipande ya kufulia isimguse. Mfute kwa kumgusagusa na taulo bila kumsugua, na mafuta yaingie angali na unyevu. Fulana ya pamba ndani ya ile sweta ya shule, kucha fupi, blanketi jepesi hata kama ni Julai na Nairobi imenuna. Mwasho ukizidi usiku, kitambaa kilicholoweshwa maji baridi juu ya kiwiko hutuliza kuliko kumfokea. Zile dawa za aleji za kusinzisha ambazo jirani atakupendekezea, Piriton na wenzake, humlaza mtoto lakini hazigusi sana mwasho wa ukurutu, kwa hiyo usimpe kila siku bila kuelekezwa.

Kuhusu vyakula nitasema kwa ufupi. Mtoto wa miaka mitano kunyimwa mayai, maziwa na samaki kwa pamoja ni kumnyima vya kumkuza. Aleji ya kweli ya chakula kwa kawaida hujitokeza upesi, kwa kuvimba midomo, mapele ya ghafla au kutapika. Kama hujawahi kuona hayo, muulize daktari kabla ya kuendelea na katazo hilo.

Twende sasa kwa watu wa nyumbani. Unaogopa mumeo akijua atamchukua mtoto. Je, aliwahi kusema hivyo, au ni wewe umejisemea usiku ukiwa macho? Sikukejeli. Hofu ya saa nane usiku huwa na sauti kubwa, na wewe ndiye unayemjua mume wako, si mimi. Kama ni mtu wa kupiga au wa kutisha, barua yako haikusema, na hapo ushauri wangu ungekuwa tofauti; ningekuomba umshirikishe mtu mzima unayemwamini kabla ya kufungua mdomo. Lakini kama ni mwanaume mwenye hofu aliyetupa tyubu kwa kumpenda mwanawe, basi ukimya wake baada ya mtoto kuuliza swali lile unaweza kuwa na maana nyingi. Pengine hakuelewa. Pengine alielewa vizuri sana na anangoja aambiwe na wewe.

Ukiendelea na siri, utapata usiku kadhaa wa amani, na nakubali usiku wa amani si kitu kidogo. Lakini mtoto ameshaanza kuitaja, na ni mzigo kwa mtoto kujua kuna dawa ya usiku ambayo baba hafai kuisikia. Akipelekwa hospitali na baba yake siku moja akaulizwa anatumia dawa gani, jibu litakuwa la uongo bila yeye kujua.

Ukiacha dawa kabisa, ukabaki na mafuta na kuoga vizuri, yawezekana akapata nafuu kiasi. Kwa ukurutu wa kutoa damu sidhani yatatosha peke yake, na kama umetumia kali kwa muda mrefu, kuikata ghafla kunaweza kuirudisha ngozi kwa hasira. Ila kuna familia zilizoanzia hapo, zikaboresha mafuta kwanza, na baba alipoona juhudi akalegeza msimamo. Gharama yake ni usiku mwingine wa kujikuna, na anayeilipa ni mtoto.

Ukimwambia, kuna kukasirika. Huenda akasema umemdanganya, na hapo atakuwa na neno. Ukichagua njia hii, fikiria pa kuanzia. Kuanza na “wewe ulitupa dawa” kutazaa vita. Kuanza na dada yake je? “Najua ulichokiona kwa dada yako, na mimi sitaki mtoto wetu afike huko. Twende wote tuulize ipi ni salama.” Chagua wiki yake ya zamu ya mchana, jioni ameshakula, si asubuhi anapotoka kazini na usingizi machoni. Pia si lazima ukiri na uende kliniki siku moja. Wengine huona afadhali wapate kwanza neno la mhudumu wakiwa pamoja, ndipo waeleze yaliyopita. Hatari yake ni kuwa mhudumu atauliza dawa zilizotumika, na utakuwa umekaa kando ya mumeo.

Kuna jambo umelitaja kama la pembeni. Pumu ya mumeo “ni ya kifua.” Pumu, mafua ya aleji na ukurutu hutembea pamoja katika ukoo, anayezaliwa kwenye nyumba ya pumu ana nafasi kubwa ya kupata ukurutu. Mama mkwe akisema ugonjwa umetoka kwenu pekee, hana uhakika huo. Na pampu mbili za mumeo: ile ya buluu kwa kawaida ni ya kutuliza kifua kikibana. Nyingine, kama ni ya kuzuia, kuna uwezekano mkubwa ndani yake mna steroidi, beclometasone au budesonide. Huenda anavuta kila siku kitu cha ukoo uleule anaouogopa, kwa kipimo kidogo kilichopangwa, na kinamsaidia kupumua. Naomba usilichukue hilo likawa rungu la kumpigia mezani mbele ya mama yake. Mnaweza kulisoma pamoja kwenye kasha, polepole, mkiwa wawili.

Nyanya naye usimwache nje. Amezoea kuogesha, basi mwachie kuogesha, ila maji yawe ya vuguvugu na kopo la mafuta liwe mkononi mwake. Yawezekana akakataa. Yawezekana pia akafurahi kupewa kazi inayoleta matokeo. Wewe utajua namna ya kumwambia, au umwachie mwanawe amwambie, kwa kuwa neno kama hilo likitoka kwa mkamwana huwa chungu hata likiwa tamu.

Kuhusu pa kwenda, kama mmejisajili na SHA, ile bima ya afya ya serikali, anzeni na kituo cha afya cha serikali kilicho karibu, au hospitali ya Mama Lucy Kibaki ambayo si mbali nanyi. Mkihitaji zaidi ombeni rufaa ya kliniki ya ngozi katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Bebeni tyubu, kopo la mafuta, sabuni, na hata hiyo dawa ya kuua viini. Waulizeni pia kama ni ukurutu mtupu: ikiwa kuna mwingine nyumbani anayewashwa usiku, hasa katikati ya vidole au viganjani, inaweza kuwa upele (scabies), na huo hutibiwa nyumba nzima. Na kama steroidi bado zinamtia mumeo wasiwasi, ulizeni kuhusu tacrolimus ya kupaka, ambayo si steroidi. Huchoma kidogo siku za mwanzo na bei yake si ya kila mtu, lakini ni vyema ajue kuwa ipo.

Yapo mambo yasiyongoja mazungumzo ya ndoa. Ngozi ikianza kutoa maji na kuganda ukoko wa manjano, mtoto akipata homa, au vikitokea vilengelenge vidogo vya saizi moja vyenye maumivu kuliko mwasho, hasa karibu na macho, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, awe baba yuko zamu gani.

Ukipata nafasi niandikie tena, uniambie tyubu imeandikwa nini, na kama mzee alisema neno.

Mshauri wako